Daftari la Damu Ng'ambo ya Tana

Miiba ya mgunga ng'ambo ya Mto Tana hupenya hata akala. Mchungaji mdogo akichomwa asubuhi, mwiba ukakatikia ndani naye akaendelea kufuata mbuzi, jioni unyayo huwa umevimba na una moto. Baada ya siku mbili tatu hutunga usaha. Mama hupakamua, rojo nyeupe ikatoka pamoja na ncha ya mwiba, kisha mtoto hurudi malishoni. Wengi wetu huuhesabu usaha kuwa uozo tu. Kumbe sehemu yake kubwa ni mizoga ya chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili, ambazo zilitoka ndani ya mishipa zilipoitwa, zikameza bakteria walioingia na mwiba, zikafia hapohapo. Chembe ya aina hiyo huishi saa chache au siku chache, na uboho wa mtu mzima hutengeneza mabilioni yake kila siku.

Sayansi ya kinga nayo ina mwiba mwanzoni mwake. Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, mtaalamu wa wanyama Élie Metchnikoff alichukua mabuu ya kiti cha pweza, ambayo miili yake ni myangavu kama kioo, akayachoma kwa miiba ya waridi. Kesho yake asubuhi alitazama kwa darubini akakuta chembe zinazotembea zimeuzunguka mwiba. Akazibandika jina lenye maana ya chembe walaji. Huko Ujerumani wenzake walishikilia kuwa kinga haimo katika chembe hata kidogo, imo katika majimaji ya damu, katika vitu tunavyoviita leo kingamwili. Walibishana miaka zaidi ya 20. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel iligawanywa kati ya Metchnikoff na Paul Ehrlich, bingwa wa kambi ya pili, na wakati umeonyesha kuwa kila mmoja alikuwa ameshika upande wake wa ndovu.

Vitabu vya shule hupenda kuzieleza chembe hizi kama jeshi linalolinda boma. Mimi nitaikwepa lugha hiyo. Kaskazini Mashariki ya Kenya imeona askari wa kutosha: vita vya Shifta vya miaka ya 1960, na sheria za hali ya hatari zilizobaki vitabuni mpaka 1991. Nitazitazama chembe hizi kama makarani. Sababu ni kwamba mafaili ya serikali kuhusu Garissa, Wajir na Mandera, ya mkoloni na ya waliomrithi, yaliandika mengi juu ya usalama na machache juu ya afya. Anayetaka kujua ni maradhi gani yalipita huko na yalimgusa nani, mara nyingi hana budi kuisoma damu yenyewe, ya watu na ya mifugo.

Ukurasa wa zamani zaidi ni wa sotoka. Ugonjwa huu wa ng'ombe uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na kabla ya muongo uliofuata kwisha ulikuwa umefika ncha ya kusini ya bara. Ethiopia inakadiriwa ilipoteza ng'ombe tisa kati ya kila kumi. Ngamia hawakudhurika sana, jambo ambalo mfugaji yeyote aliyebaki na ngamia wakati jirani yake amebaki na fimbo mkononi hakulisahau. Na wafugaji waliona jambo jingine: ng'ombe aliyeugua sotoka akapona hakuugua tena maisha yake yote.

Kwa nini? Maabara zilihitaji zaidi ya nusu karne kulijibu swali hilo. Mwaka 1961, London, Jacques Miller alionyesha kuwa tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, thaimasi, ambayo madaktari waliidhania haina kazi, ndiyo shule ya aina moja ya chembe nyeupe, seli-T. Mwaka 1965 Max Cooper, akichunguza kuku huko Minnesota, alitenganisha aina ya pili, seli-B, zinazotengeneza kingamwili. Kila moja ya chembe hizi huzaliwa na kipokezi chake, kilichopangwa kwa namna ya bahati nasibu, kabla hata maradhi hayajafika. Nyingi huzunguka mwilini mpaka zinakufa bila kukutana na kinachozifaa. Kirusi kikiingia na kikakutana na ile inayokifaa, chembe hiyo hujificha kwenye tezi na kuanza kugawanyika: moja, mbili, nne, nane, mpaka maelfu. Ndiyo maana mtoto mwenye mwiba unyayoni hupata mtoki kwenye kinena. Mtoki ni tezi iliyojaa chembe zinazozaana.

Shughuli hiyo huchukua siku kadhaa, na katika siku hizo mgonjwa huweza kufa. Akipona, nyingi ya chembe zile hujiua zenyewe, zikabaki chache zenye kumbukumbu. Nyingine huhamia kwenye uboho na kuendelea kumimina kingamwili kwa miaka. Kirusi kilekile kikirudi hakikuti mwili unaoanza kutafuta. Kinakuta jina lake limeshaandikwa. Hiyo ndiyo siri ya ng'ombe aliyepona sotoka.

Chanjo iliyoifanya siri hiyo kuwa dawa ilitengenezwa Kenya. Katika kituo cha utafiti cha Muguga, nje kidogo ya Nairobi, Walter Plowright na wenzake waliotesha kirusi cha sotoka ndani ya chembe za figo la ndama, wakakihamisha kutoka chombo hadi chombo karibu mara 90, mpaka kikasahau kuua lakini kikabaki na sura ile ambayo seli-T na seli-B huitambua. Dozi moja ilitosha maisha yote ya ng'ombe. Tatizo lilikuwa barafu. Chanjo ilitaka ubaridi, na kutoka Muguga mpaka malisho ya Ijara au Wajir Kusini ni safari ndefu katika joto kali. Kulikuwa pia na tatizo la kisiasa. Ile iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa imefungwa na wakoloni: mgeni haingii bila kibali, na mifugo haivuki kwenda karibu na mashamba ya walowezi pasipo karantini. Karantini hiyo iliwalinda ng'ombe wa walowezi. Ng'ombe wa Msomali na wa Muorma haikuwapa chochote.

Si ajabu basi kwamba sotoka ilipofukuzwa kila mahali duniani, maficho yake ya mwisho yalikuwa katika nyika inayounganisha Kaskazini Mashariki ya Kenya na kusini mwa Somalia. Kilichosaidia ni toleo jipya la chanjo lililoweza kukaa karibu mwezi mzima bila friji, likabebwa mpaka kwenye mazizi na wafugaji waliofunzwa kuchanja. Kisha ikafanyika hila ambayo naipenda kuliko zote katika hadithi hii. Chanjo ilisimamishwa kwa makusudi. Ng'ombe wote waliochanjwa walikuwa na kingamwili, kwa hiyo damu yao isingeweza kusema kama kirusi bado kipo. Damu ya ndama waliozaliwa baada ya chanjo kukoma ndiyo ingesema: ndama asiyechanjwa akikutwa na kingamwili za sotoka, basi kirusi kimempitia. Wataalamu wakatoa damu ya ndama mwaka baada ya mwaka. Mara ya mwisho sotoka kuthibitishwa duniani ilikuwa 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, magharibi tu ya Garissa. Mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetoweka.

Ndui ilitangulia sotoka kutoweka, na nayo iliishia jirani. Mapema mwaka 1977 wagonjwa wachache walipatikana Mandera, wakiwa wameipata kutoka Somalia. Oktoba mwaka huohuo, katika mji wa Merca, akaugua Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, ambaye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Alikuwa amewahi kufanya kazi na wachanjaji, ila mwenyewe aliikwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Tarehe 26 Oktoba 1979, miaka miwili kamili baada ya upele wake kutokea, ilitangazwa Nairobi kwamba Pembe ya Afrika haina tena ndui. Wazee wa Garissa wenye kovu la mviringo begani bado wanatembea na chembe za kumbukumbu za chanjo ile. Chembe hizo zimepatikana katika damu ya watu zaidi ya miaka 50 baada ya kuchanjwa. Maalin tutakutana naye tena.

Sasa nifike kwenye ugonjwa ulioiandika Garissa katika vitabu vya tiba vya dunia nzima.

Homa ya Bonde la Ufa ilipata jina lake mwaka 1931, wataalamu Daubney, Hudson na Garnham walipochapisha habari za kirusi kilichoua wanakondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Mwaka 1944 Kenneth Smithburn alikipata kirusi hicho katika mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, akakipitisha katika ubongo wa panya mara nyingi mpaka kikafaa kuwa chanjo ya mifugo. Chanjo hiyo inatengenezwa Kenya mpaka leo. Ina dosari inayojulikana na kila daktari wa mifugo: kondoo mwenye mimba akichanjwa anaweza kuiharibu. Kwa miongo mingi ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa kondoo na wa mashamba ya juu. Mtu anayeishi Garissa hakuwa na sababu ya kujifunza jina lake.

Mwishoni mwa 1997 mvua za El Niño zilinyesha bila kukoma. Tana ilifurika, malaga, yaani vijito vikavu, yakawa mito, barabara zikakatika, watu na mifugo wakabanana kwenye vilima vichache vilivyobaki vikavu. Chini ya ardhi ya mabonde yale kuna kitu kinachongoja. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu pembeni mwa madimbwi, na mayai hayo huweza kukaa katika ukame miaka mingi, mengine yakiwa tayari na kirusi ndani yake. Maji yakituama juu yake siku kadhaa, mbu huzuka kwa mawingu.

Desemba zilianza kuja taarifa za watu wanaokufa kwa homa na kutokwa na damu. Kwanza watu walidhani ni kimeta. Vipimo vikasema ni Homa ya Bonde la Ufa. Kwa jumla ziliripotiwa taarifa za vifo 478 visivyoelezeka katika Kaskazini Mashariki na kusini mwa Somalia. Lakini vifo huonyesha kilele tu cha kichuguu. Februari 1998 watafiti walichukua damu ya wakazi wa Garissa waliochaguliwa kwa sampuli. Kingamwili zina umri: aina ya kwanza kutolewa, IgM, huonekana siku chache baada ya maambukizi na kufifia baada ya miezi; aina ya pili, IgG, hukaa miaka. Asilimia yapata 14 ya watu wale walikuwa na dalili ya maambukizi mapya. Kwa kipimo hicho ilikadiriwa kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake watu wapatao 27,500 walikuwa wameambukizwa, katika mlipuko mkubwa kuliko wowote uliokuwa umewahi kuonekana Afrika Mashariki. Idadi kubwa ya hao walipata homa, maumivu ya viungo, wakalala siku nne au saba, wakaamka. Hawakwenda hospitali kwa sababu njia zilikuwa chini ya maji. Hakuna karatasi inayowataja. Damu yao peke yake ndiyo iliyowaandika.

Ni nini kilichoamua nani aamke na nani azikwe? Hapa chembe zinastahili kutazamwa kwa karibu. Kirusi kikiingia, kwa mate ya mbu au kwa damu ya mnyama aliyechinjwa kupitia mchubuko wa kidole, hukutana kwanza na chembe za ngozi zenye mikono mirefu kama matawi, na makrofaji, wale walaji wa Metchnikoff. Chembe hizi zina vipokezi vinavyonusa vipande vya virusi. Vikinusa, chembe hutoa interferoni, kemikali iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, na chembe jirani zikiipata hufunga milango: huacha kuzalisha vile ambavyo kirusi kingevitumia. Ni kama king'ora cha mtaa, tofauti ni kwamba kila nyumba inayokisikia inajifunga yenyewe.

Kirusi cha Bonde la Ufa kimejifunza kukata waya wa king'ora hicho. Kinatengeneza protini iitwayo NSs, ambayo huingia ndani ya kiini cha chembe, ikajipanga kama nyuzi, na kuzuia jeni za interferoni zisisomwe. Kwa siku mbili tatu kirusi huzaana ndani ya ini pasipo kelele. Kinachofuata ni mashindano ya muda. Kingamwili zikiwahi, yapata siku ya nne mpaka ya saba, kirusi hufagiliwa kwenye damu na mtu hupona. Zikichelewa, ini huharibika, damu husahau kuganda, na nusu hivi ya wanaofikia hatua hiyo ya kutokwa na damu hufa. Kwa bahati njema wanaoifikia ni chini ya mmoja katika mia.

Wapo pia wale ambao huamka, wakachunga, wakasali sala zao, kisha wiki mbili tatu baadaye wakaanza kuona giza katikati ya jicho au kupoteza fahamu, ilhali kirusi kimeshaondoka kwenye damu. Majaribio ya panya yanaonyesha kuwa kingamwili peke yake hazitoshi kuulinda ubongo. Panya walionyang'anywa seli-T walipona ini halafu wakaugua ubongo. Na utafiti uliochapishwa 2015, uliotumia damu ya watu wa Kaskazini Mashariki, ulikuta kwamba tofauti ndogo katika jeni za vile vipokezi vinavyonusa virusi ziliendana na ukali wa ugonjwa. Maana yake, ndugu wawili walioshiriki kumchinja kondoo mmoja wanaweza kuachana njia kwa sababu ya herufi moja ndani ya chembe zao.

Kirusi kilirudi mwishoni mwa 2006. Safari hii wanasayansi wa Marekani, wakisoma joto la bahari na ukijani wa nyika kutoka kwenye satelaiti, walikuwa wametoa tahadhari wiki kadhaa kabla. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa Garissa aliugua mwishoni mwa Novemba, na maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ikathibitisha Desemba. Idd ya kuchinja iliangukia siku za mwisho za mwaka huo, wakati ambapo kisu na damu vilikuwa hatari kuliko mbu. Watu zaidi ya 150 walikufa nchini Kenya. Soko la mifugo la Garissa likafungwa, uchinjaji ukapigwa marufuku, na hasara ya nchi ikakadiriwa kuwa shilingi bilioni 2.1.

Watafiti waliozungumza na wafugaji baada ya mlipuko walikuta kwamba Wasomali wa Kaskazini Mashariki walikuwa na jina la ugonjwa huo katika kondoo, sandik, yaani pua ya damu, na waliueleza sawasawa. Waliutambua kabla ya maabara yoyote kusema neno. Walijua mpangilio wake: kutoka mvua kubwa kuanza mpaka mbu kujaa, kama siku 24, kutoka mbu mpaka mnyama wa kwanza, kama 17, kutoka mnyama mpaka mtu, 17 au 18 nyingine. Satelaiti iliona, mfugaji aliona, lakini huduma za mifugo zilisubiri mpaka binadamu walipoanza kufa. Kwa maoni yangu hapo hapakukosekana sayansi. Ilikosekana simu moja, na mtu wa upande wa pili wa kuamini kwamba mzee asiyejua Kiingereza anajua anachokisema.

Damu ilikuwa na jambo la kuongeza. Mwaka 2006, kabla ya mlipuko huo, watafiti walipima wakazi wa eneo la Ijara na kukuta kingamwili za zamani kwa mtu mmoja katika kila wanane hivi. Baadhi walikuwa watoto waliozaliwa baada ya 1998. Watoto hao hawakuwa wameupitia mlipuko wa kuwaletea kirusi. Kwa hiyo kirusi hakilali usingizi kamili baina ya mafuriko. Kinapita polepole, mtoto mmoja mmoja, homa ambayo mama huiita malaria.

Kuna kiumbe mwingine wa nyika hizi ambaye hila yake ni ya aina tofauti kabisa. Kala-azar huletwa na kimelea cha Leishmania kinachobebwa na usubi wa kuuma, wanaojificha kwenye nyufa za vichuguu. Makrofaji hukimeza kama kinavyostahili kumezwa, nacho hakifi. Huishi na kuzaana ndani ya tumbo la mlaji wake. Mgonjwa hukonda, wengu huvimba mpaka unashikika kwa mkono, damu hupungua, na bila dawa karibu wote hufa. Makrofaji ina uwezo wa kukiua kimelea, ila inahitaji kuamriwa: seli-T lazima ije, ikitambue kipande cha kimelea kwenye ngozi ya makrofaji, na kuipa interferoni ya aina nyingine, gama, ndipo sumu ifunguliwe ndani. Mtu asiye na lishe hupungukiwa na wajumbe hao. Kati ya Mei 2000 na Agosti 2001, katika miaka ya ukame, wagonjwa wapatao 900 walitambuliwa katika mlipuko uliozigusa Wajir, Mandera na nchi jirani. Wajir iliona mlipuko mwingine mwaka 2008. Dawa ya miaka mingi ilikuwa sindano za antimoni kila siku kwa mwezi mzima, dawa ya enzi za babu zetu.

Njaa ndiyo inayonipeleka Dadaab. Kambi zilifunguliwa 1991 kwa wakimbizi wa Somalia, zikakusudiwa watu 90,000, na katikati ya 2011, mwaka wa ukame na baa la njaa, zilikuwa na zaidi ya 400,000. Surua ikalipuka, na haikuchagua watoto peke yao. Watu wazima wengi waliotoka kusini mwa Somalia hawakuwa wamewahi kuchanjwa wala kuugua. Mtoto mwenye utapiamlo thaimasi yake husinyaa, kwa hiyo shule ya seli-T inafungwa wakati ambapo wanafunzi wanahitajika. Na surua ina ubaya wake wa pekee. Kirusi chake huzishambulia chembe za kumbukumbu zenyewe. Mwaka 2019 watafiti waliopima damu ya watoto wa Uholanzi wasiochanjwa, kabla na baada ya surua, walikuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao za magonjwa mengine. Daftari linararuliwa kurasa. Mtoto aliyepona surua katika kambi za Ifo au Hagadera alikuwa amerudishwa nyuma, akalazimika kujifunza upya kuharisha na vichomi alivyokwisha kuvishinda.

Miaka miwili baadaye ikaja polio. Mtoto mchanga wa kike katika eneo la Dadaab alipooza mwishoni mwa Aprili 2013, Kenya ikahesabu wagonjwa 14 mwaka huo na Somalia 194. Merca, Ali Maow Maalin, ambaye tangu miaka ya 2000 alizunguka akiwasihi wazazi wasiogope sindano na matone kama alivyoogopa yeye, aliingia kazini kupambana na mlipuko huohuo. Akashikwa na homa, inasemekana ni malaria, akafa Julai 2013. Matone yale aliyokuwa akiyahubiri yana faida ambayo sindano haina: huifunza ngozi ya utumbo kutoa kingamwili za IgA papo hapo kirusi kinapoingilia. Yana hatari yake pia. Pale ambapo watoto wengi hawajapata matone, kirusi kilichodhoofishwa huweza kuzunguka muda mrefu kati yao mpaka kikapata tena ukali, na ndicho kilichogunduliwa Hagadera mwaka 2023.

Kabla sijamaliza, ngamia. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4 nchini Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi wa chuo kimoja cha Brussels waliogopa kufanya zoezi kwa damu ya binadamu, mwalimu wao Raymond Hamers akawapa damu ya ngamia iliyobaki kwenye jokofu kutokana na utafiti wa ugonjwa wa malale. Wakakuta kingamwili za ajabu. Zetu zina nyuzi nzito mbili na nyepesi mbili. Nyingi za ngamia zilikuwa na nzito tu, ndogo na imara. Habari ilichapishwa 1993, na dawa ya kwanza iliyotokana nayo iliidhinishwa Ulaya mwaka 2018. Damu hiyohiyo ya ngamia ilitumika kusoma historia nyingine: sampuli za Kenya zilizohifadhiwa tangu 1992 zilikuwa na kingamwili za kirusi cha MERS, ugonjwa wa mapafu, miaka 20 kabla ya kirusi hicho kujulikana kwa mwanadamu huko Saudi Arabia. Walipopimwa watu 1,122 wa Garissa na Tana River, waliokutwa nazo ni wawili tu.

Homa ya Bonde la Ufa ilionekana tena Wajir mwaka 2018, na ikarudi Mandera na Garissa miaka michache baadaye. Chanjo ya binadamu, iliyoasisiwa na George Warimwe wa Kilifi pamoja na wenzake wa Oxford, imejaribiwa Uingereza na Uganda, lakini hakuna iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Kijana aliyezaliwa Masalani mafuriko ya 2007 yalipokuwa yakikauka ni mtu mzima sasa. Wenzake wengi hawajawahi kukutana na kirusi hicho, na chembe zao hazina jina lake.

Kwa msomaji aliye Ijara, Hulugho au Fafi: mvua kubwa zikipita, mbu wakajaa, na kondoo wakaanza kutupa mimba wengi kwa pamoja, usimchinje mnyama mgonjwa, usiguse kizazi wala mwanakondoo aliyekufa kwa mikono mitupu, chemsha maziwa. Na umwambie daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa jina lile ulilofundishwa na wazee wako, sandik.